Choo kimoja cha wote: jinsi ya kukipanga bila kukimbiza wateja

Kama una mkahawa au saluni Nairobi, unataka wanaume na wanawake watumie choo kimoja, na choo chako ni chumba kimoja chenye mlango wake, kazi ni ndogo: ng'oa kibao cha "Wanaume", weka cha "Choo". Hakuna atakayeshangaa. Wengi wetu tumekulia kwenye ploti zenye choo cha wapangaji wote.

Taabu huanza penye vyumba vitatu au vinne kwenye safu, vyenye mbao zisizofika chini wala juu. Hapo kubadilisha kibao peke yake ni kujitafutia maneno. Mteja anayelalamika mara nyingi hasumbuliwi na nani ananawa kando yake. Anaogopa ule uwazi wa chini ya mlango, unaopitisha simu ya kumpiga picha. Kampuni ya Target ya Marekani ilipotangaza Aprili 2016 kwamba kila mtu atumie choo kinacholingana na jinsia anayojitambulisha nayo, wengi waliapa kuisusia. Agosti ikasema itatumia dola milioni 20 kuongeza vyoo vya mtu mmoja mmoja. Wewe anza na kuta.

Kabla ya kumwita fundi, angalia wafanyakazi wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyoo tofauti kwa wafanyakazi wa kike na wa kiume, kwa hiyo choo cha pamoja cha wateja hakikuondolei wajibu huo. Mwonyeshe afisa wa afya ya umma wa kaunti mchoro sasa, usingoje siku ya ukaguzi.

Ukuta utoke sakafuni hadi darini, na kila chumba kiwe na sinki yake ndogo. Mita 1 kwa 1.6 inatosha. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Taa moja, dirisha moja na shimo moja la maji sakafuni vilivyohudumia safu nzima sasa vimefungiwa kwenye chumba kimoja, na vingine vinabaki na giza, harufu na madimbwi. Kila chumba kinataka taa yake, shimo lake la maji, na feni yenye bomba la inchi 4 linalotoka nje kabisa. Likiishia juu ya dari, harufu itarudi. Acha sentimita 1 chini ya mlango; bila hewa ya kuingia, feni inazunguka bure.

Komeo liwe la kuonyesha nyekundu na kijani, linaloweza kufunguliwa kutoka nje kwa kuzungusha sarafu wakati wa dharura. Mlango ufungukie nje, kwa sababu mtu akizirai ndani, mwili wake huuziba ule unaofungukia ndani. Chumba kimoja kiwe na mlango wa sentimita 90 na nafasi ya duara la mita 1.5 ya kugeuzia kiti cha magurudumu.

Lalamiko la pili ni kikalio kilicholowa. Nafasi ikiruhusu, tenga chumba cha wanaume kukojolea wima. Isiporuhusu, msafishaji apite kila nusu saa wakati wa chakula cha mchana. Pipa la sodo lenye kifuniko liwe katika kila chumba. Na tenga tangi la akiba: siku ya mgao wa maji, choo cha wote huharibika upesi kuliko kingine chochote.

Kama una duka la nguo, vyumba vya kujaribia navyo vinaweza kuwa vya wote, na huko pazia ndilo adui. Vibanda vingi vya eksibisheni, yale majengo ya maduka madogo madogo, vina pazia jembamba kuliko mlango wake, likivutwa huku linaacha kule. Kama huna budi, lizidi uwazi kwa sentimita 15 kila upande. Mlango ni bora. Weka kioo ndani, ili mtu asilazimike kutoka kujitazama, na kulabu mbili: ya nguo zake na ya zako. Kamera itazame korido, isione ndani kamwe. Picha hizo ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kwa duka la mabuibui Eastleigh, ningeacha sehemu ya wanawake ibaki ya wanawake, na chumba kimoja cha wote kiwe karibu na kaunta.