Kadi ya Buluu ya Ulaya: tafuta mkataba wa kazi kwanza

Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya haiuzwi. Nalitanguliza hili kwa sababu hapa kwenye steshenari yangu Mwenge, Dar es Salaam, vijana wananionyesha matangazo kwenye simu: kibali kimoja cha kufanya kazi nchi 25, tuma malipo ya awali, kadi ndani ya wiki mbili. Kuna mhandisi wa umeme, kijana makini kabisa, alishatuma akiba yake yote kabla hajaniuliza. Nilimchapishia taarifa ya muamala aende nayo polisi, na roho iliniuma sana.

Kadi yenyewe ni ya kweli. Tume ya Ulaya ilileta pendekezo Oktoba 2007: wataalamu wanaotoka nje wawe na kibali kinachotambulika nchi nyingi, Ulaya nayo iweze kushindana na Marekani kuwavuta watu wenye ujuzi. Sheria ilipita 2009, ikalegezwa 2021. Denmark na Ireland hazimo. Ila usidhani unaomba "Ulaya" kwa mkupuo. Nchi moja ndiyo inayokupa kadi, kwa kazi uliyoipata ndani ya nchi hiyo, na kila nchi ina kima chake cha mshahara. Kwa hiyo chagua nchi. Mimi wengi nawaelekeza Ujerumani: mwaka 2023 zilitolewa kadi takriban 89,000, na kama 69,000 kati ya hizo zilitoka huko.

Sasa mkataba. Bila mkataba, au ahadi ya kazi iliyoandikwa na kusainiwa na mwajiri, hakuna ombi. Uwe wa miezi sita au zaidi, na kazi iendane na ulichosomea. Nafasi zitafute mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Ujerumani, Make it in Germany, haina malipo. Ukipata mkataba, kabla hujashangilia, tafuta mstari wa mshahara kabla ya makato. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 48,300 kwa mwaka, na kwa kazi zenye uhaba, kama uhandisi na kompyuta, au kwa aliyehitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita, 43,759.80. Kima hubadilika kila Januari, soma cha mwaka unaoomba. Kijana aliniletea mkataba wa euro 3,400 kwa mwezi, anacheka mpaka jino la mwisho. Tukazidisha kwa 12: 40,800. Haufiki. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mwandikie mwajiri leo hii, mweleze kwamba kwa kiasi hiki kadi haitoki." Mwajiri anayekuhitaji kweli hatashangaa kuulizwa.

Cheti cha chuo kikaguliwe mapema. Wajerumani wana hifadhi yao mtandaoni inaitwa anabin: tafuta chuo chako, kiwe na alama H+, yaani kinatambulika, kisha tafuta aina ya digrii yako, uchapishe kurasa zote mbili. Digrii isipoonekana, unaomba tathmini kutoka ofisi yao inayoitwa ZAB, na hiyo ina ada na inachukua muda.

Majina ndiyo yananifanya nikae na mtu muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Tandaza karatasi zote mezani: pasipoti, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa cha RITA, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, digrii na transkripti. Soma jina herufi kwa herufi, kwa sauti, na mtu mwingine akifuatilia kwa kidole. Utakuta pasipoti ina Mohamed, cheti cha Baraza la Mitihani kina Mohammed. Digrii ina majina mawili, pasipoti matatu. Binti amesoma kwa jina la babu, NIDA wameandika la baba. Sisi hapa tunaelewana, karani anakutazama na kukubali. Ofisa wa visa hakujui. Anaona karatasi za watu wawili. Nenda kwa mwanasheria akuandalie hati ya kiapo, na kama tofauti ni kubwa, ushughulikie usajili wa jina kabla ya kitu kingine chochote. Nawaomba sana, jambo hili lifanyike hata kabla ya kutafuta kazi, maana halina njia ya mkato.

Wewe wa kompyuta usiye na digrii, mlango upo tangu sheria ilipolegezwa: uzoefu wa miaka mitatu ndani ya saba iliyopita, katika kazi ya kiwango cha mtu mwenye digrii. Hapo barua ya mwajiri ndiyo digrii yako. Iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, kazi ulizofanya zikitajwa moja moja, sahihi, muhuri na simu ya ofisi. Ile barua ya "tunathibitisha alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu" haikusaidii. Ambatanisha hati za mshahara na taarifa ya michango ya NSSF. Mimi naiona michango ile ni shahidi mzuri kuliko maneno.

Madaktari na wauguzi wana kibali kingine cha kutibu cha kuomba huko, na Kijerumani hakikwepeki. Wajue pia kwamba Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Ujerumani imekataza mawakala binafsi kuja kuwachukua wahudumu kutoka nchi hizo. Mtu akikwambia ana "nafasi 20 za manesi", ondoka. Kuomba mwenyewe kunaruhusiwa.

Visa ya Ujerumani inaombwa ubalozini, Umoja House pale mjini, ada euro 75. Nenda na nakala halisi na vivuli viwili.

Wenye familia msikate tamaa. Kwa Ujerumani, mwenza wa mwenye kadi hadaiwi cheti cha Kijerumani ili apewe visa, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi. Ukaazi wa kudumu unaweza kuuomba baada ya miezi 27, au 21 ukifikia kiwango cha B1 cha Kijerumani. Goethe-Institut ipo Upanga, anza darasa ungali hapa.

Kuhama nchi kunawezekana ukishakaa miezi 12 na kadi kule ulikoanza. Unaingia nchi ya pili ukiwa na mkataba mpya unaofikia kima cha huko, na ndani ya mwezi mmoja unawasilisha ombi jipya. Kwa hiyo kama moyo wako uko Ufaransa na mkataba uliopatikana ni wa Munich, chukua wa Munich, Kifaransa utasoma jioni.