Kutengeneza ohagi nyumbani Mwanza

Anayetaka kutengeneza vitafunwa vitamu vya Kijapani hapa Mwanza hatasumbuliwa na vifaa, kwa kuwa Wajapani nao hutwanga mochi, yaani donge la mchele wa kunata linalovutika, kwa kinu. Kitakachomsumbua ni mchele. Mchele wa Magu au Sengerema, hata ukitwangwa mpaka mikono iume, hauvutiki kama mochi, kwa sababu wanga wake una amilosi, sehemu ya wanga isiyonata, ambayo mchele wa kunata karibu hauna kabisa. Kwa hiyo nashauri kuanza na ohagi, matonge ya wali yanayofunikwa kwa rojo tamu la maharage, ambayo huchanganya michele yote miwili, na ambayo Wajapani huiandaa hasa siku za Higan, za kuwakumbuka marehemu, mwezi Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana.

Anza na rojo la maharage. Huko Japani hutumiwa azuki, maharage madogo mekundu. Hapa mimi huchagua kunde nyekundu badala ya maharage ya kawaida, kwani kunde ni jamaa wa karibu wa azuki. Chemsha gramu 250, mwaga maji ya kwanza ili kuondoa ukakasi, kisha weka maji mengine na uendelee mpaka punje ibonyee kwa vidole viwili. Sukari gramu 200 na chumvi kidogo visiingie kabla ya hapo, maana sukari huzuia kunde kulainika. Ponda huku ukikoroga kwa moto mdogo, na uepue pale mwiko unapoacha njia chini ya sufuria, kwani rojo likipoa huzidi kukaza.

Osha vikombe 2 vya mchele wa kunata na kimoja cha mchele wetu, uloweke kwa saa moja, uchuje, kisha upike kwa vikombe 3 vya maji na kuupalia makaa juu kama wali mwingine. Ungali moto, uponde kwa mchi uliochovywa majini, lakini uache nusu ya punje zikionekana. Wajapani huita hatua hiyo kwa jina linalomaanisha “kuua nusu”, na kwa kweli anayezidisha hapo huharibu utamu wa kutafuna.

Lowesha mikono, finyanga matonge madogo kuliko yai, tandaza rojo juu ya kitambaa kibichi, weka tonge katikati, kisha ukusanye kitambaa mpaka lifunikwe lote. Mengine waweza kuyagaragaza katika unga wa soya iliyokaangwa uliotiwa sukari.

Tengeneza kwa idadi ya walaji wa siku hiyo tu, kwa kuwa kwenye friji wali hukakamaa, na nje, kwa joto letu, rojo huchacha.