SOMO: Namba kubwa kwa darasa la nne na la tano (thamani, kulinganisha, kukadiria). Soma lote kabla hujauliza

Wazazi, kila muhula natumiwa picha zilezile za daftari lenye alama nyekundu, na swali ni lilelile: "Mwalimu, hapa kakosa nini?" Leo naandika yote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapahapa.

Mifano mingi nimeitoa kwenye sensa. Ni namba za kweli, na mikoa mtoto anaijua.

1. Tenga tarakimu tatu tatu kuanzia KULIA, weka mkato. 2989299 inakuwa 2,989,299. Hao ni watu wa Kagera, sensa ya 2022.

2. Taja nafasi, kulia kwenda kushoto: mamoja, makumi, mamia, maelfu, makumi elfu, mamia elfu, mamilioni. Akariri tu.

3. Nafasi si thamani. Tarakimu 8 hapo juu iko nafasi ya makumi elfu. Thamani yake ni 80,000. Ukiulizwa nafasi unajibu kwa jina, ukiulizwa thamani unajibu kwa namba. Namba hiyo ina 9 nne. Mwambie aandike thamani ya kila moja: 900,000, 9,000, 90 na 9. Akizipata zote, songa mbele.

4. Kulinganisha: kwanza hesabu tarakimu. Yenye tarakimu nyingi ndiyo kubwa, hata kama nyingine imejaa 9 tupu: 1,002,003 ni kubwa kuliko 999,999. Idadi ikilingana, anza KUSHOTO. Geita ni 2,977,608. Mpambanishe na Kagera: 2 kwa 2, sare. 9 kwa 9, sare. 8 kwa 7, Kagera kubwa. Simama hapo. Ile 608 ya mwisho inawavuta watoto kwa sababu ni kubwa kuliko 299, lakini mechi ilishaisha.

5. Kukadiria. Hapa ndipo alama zinapopotea, someni polepole.

Pigia mstari tarakimu ya nafasi uliyoambiwa. Tazama jirani yake MMOJA wa kulia. Akiwa 0 hadi 4, uliyoipigia mstari inabaki ilivyo. Akiwa 5 hadi 9, iongezee 1. Zote za kulia kwake zigeuke sifuri. Zigeuke, zisifutwe! Mtoto akikadiria 47,564,296 (Kenya, sensa ya 2019) katika mamilioni akaandika 48, ameacha nchi nzima na watu wa daladala moja. Jibu ni 48,000,000.

Tahadhari ya kwanza: usikadirie kwa ngazi. Bei ya pikipiki ni sh. 2,449,800, swali linataka mamilioni yaliyo karibu. Mtoto anaanzia makumi elfu: 2,450,000. Kisha mamia elfu: 2,500,000. Kisha mamilioni: 3,000,000. Kila hatua ukiitazama peke yake iko sawa, jibu la mwisho ni kosa. Jirani wa ile 2 ni 4, basi. Jibu ni 2,000,000.

Tahadhari ya pili: 9 inayopanda. Nairobi 2019 ilikuwa na watu 4,397,073. Kadiria katika makumi elfu. Unapigia mstari 9, jirani ni 7, kwa hiyo 9 inakuwa 10. Huwezi kuandika 10 kwenye nafasi moja: weka 0, beba 1 uipeleke kwa ile 3. Unapata 4,400,000. Wengi huandika 43,100,000, na Nairobi inakua mara kumi.

MASWALI

*Mzazi, Kahama:* Mwalimu nisaidie, kadiria 3,447 katika maelfu. Kwangu inakuja 4,000.

Hatua ya 5, tahadhari ya kwanza. Umepanda ngazi.

*Mzazi, Kahama:* Lakini 447 si karibu na 500?

Ni karibu. Hujaulizwa hiyo. Umeulizwa 3,447 iko karibu na 3,000 au 4,000. Toa mwenyewe uone: 447 dhidi ya 553.

*Mwanachuo wa ualimu:* Kwa nini 5 ipande wakati iko katikati kabisa?

Swali zuri. 2,500,000 kamili iko katikati kweli, kupanda ni makubaliano tu. Lakini ikiwa 2,500,001 tayari iko karibu zaidi na 3,000,000. Kwa kuwa 5 karibu kila mara inafuatwa na kitu, kanuni ya kupanda inakuokoa kutazama mkia mzima. Wachoree watoto mstari wa namba, 2,000,000 huku na 3,000,000 kule, waweke alama wenyewe.

*Mdau, Bukavu:* Huku kwetu tunaandika 1.250.000, mkato ni wa desimali.

Sawa kabisa, ni utaratibu mliorithi kwa Kifaransa. Afuate wa shule yake. Akihamia Tanzania au Kenya mweleze mapema, maana 1,250 kwake ni moja na robo.

*Bibi wa wajukuu watatu:* Mwalimu, imla ya namba: "elfu mia mbili na tano". Mmoja kaandika 205,000, mwingine 200,005. Nani kakosa?

Shikamoo bibi. Hakuna aliyekosa, aliyetunga swali ndiye wa kuulizwa. Kwa 205,000 sema "mia mbili na tano elfu", elfu ikae mwisho. Na dukani kuna mtego mwingine: "laki mbili na hamsini" ni 250,000, mtoto akiandika alivyosikia anapata 200,050.

*Mama wa darasa la nne:* Wangu alikuwa anachanganya safu. Nikageuza daftari la mistari ubavu, kila safu nafasi yake. Ametulia.

Naiba hiyo. Kalamu ya rangi pia kwenye mstari wa kila baada ya safu tatu, mkato ukae hapo.