Una kinyongo na ndugu yako? Mfuate umwambie, na hivi ndo unavyoanza

Kwanza kaa na Walawi 19:17-18 usome polepole. Usimchukie ndugu yako moyoni, mkemee, usilipize kisasi, mpende jirani yako kama nafsi yako. Ona kukemea kumekaa wapi, katikati ya chuki na upendo kabisa, kwa hiyo ile ya kununa halafu unasema "mi nimemwachia Mungu" wakati moyoni kunafuka moshi, Torati haikubali. Absalomu, mwana wa Daudi, alinyamaza hivyo hivyo baada ya Amnoni ndugu yake kumbaka Tamari dada yake, hakumsemesha Amnoni jema wala baya, miaka miwili mizima, mwisho akaagiza Amnoni auawe (2 Samweli 13).

Sasa nenda mwenyewe, nyinyi wawili tu. Yesu kasema hivyo Mathayo 18:15, na marabi, walimu wa Kiyahudi, kwenye Talmudi, kitabu cha mafundisho yao ya kale, wanakaza zaidi: pale Walawi inaposema usije ukachukua dhambi kwa ajili yake, wao wanasoma kwamba usimkanye mpaka uso wake ubadilike rangi kwa aibu. Mi hapa ndo huwa naguswa sana, maana unaweza ukawa na haki yote halafu ukatenda dhambi kwa namna ulivyoisema. Basi vijembe vya status acha, na kwenye grupu la familia usimtaje. Ukikosa pa kuanzia muige nabii Nathani alipomkanya mfalme Daudi, hakumvamia, alimsimulia habari ya maskini aliyenyang'anywa na tajiri mwanakondoo wake mmoja mpaka Daudi mwenyewe akawaka, ndo akaambiwa wewe ndiwe mtu huyo.

Asiposikia rudi na mmoja au wawili. Ila kama anakupiga au anakutishia usiende peke yako hata hiyo mara ya kwanza, tafuta watu na tafuta usalama.

Akitubu, msamehe, Luka 17:3 imeviweka pamoja, mwonye na msamehe, na akirudi mara saba kwa siku bado unasamehe. Ni ngumu jamani, najua.

Na ukigundua mkosaji ni wewe, usikimbilie kuomba tu. Mishna, sheria za kale za marabi, inasema hata Yom Kippur, siku ya upatanisho ya Wayahudi, haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka umridhishe uliyemkosea, na Mathayo 5:24 inakwambia uache sadaka pale pale ukapatane kwanza. Akikataa, Maimonides, mwalimu wa Kiyahudi wa zamani, anafundisha umrudie na marafiki watatu, mpaka mara tatu. Kwa hiyo leo mpigie simu, muulize yuko nyumbani saa ngapi.