Mtambo Mdogo wa Upepo Singida: Pima Kwanza, Ruzuku Baadaye

Mkulima wa Singida anayetaka kusukuma maji ya kisima au kuwasha taa kwa nguvu ya upepo mara nyingi huanza kwa kuulizia bei ya mtambo na mahali pa kupata ruzuku. Utaratibu ulio salama ni kupima upepo kwanza, kisha kuamua urefu wa nguzo, na mtambo wenyewe ukaja mwisho, kwa kuwa nguvu ya upepo huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kasi yake. Upepo wa mita 6 kwa sekunde una nguvu mara 8 ya ule wa mita 3.

Chukua mtambo ambao mapanga yake huchora duara la kipenyo cha mita 3, katika mwinuko wa takribani mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Upepo wa mita 5 kwa sekunde ukipita katika duara hilo hubeba takribani wati 460. Kanuni ya Betz hairuhusu mtambo wowote kuvuna zaidi ya asilimia 59 ya nguvu hiyo, na mitambo midogo kwa kawaida huambulia robo hadi theluthi, yaani wati 115 hadi 150. Muuzaji anayeandika kilowati 1 hadanganyi, ila anazungumzia upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde, ambao shambani kwako huenda ukavuma kwa saa chache tu.

Kwa hiyo simamisha kipimaupepo chenye kuhifadhi kumbukumbu, karibu iwezekanavyo na kimo cha mtambo utakaofungwa, na ukiache kwa miezi 12 ili kipite masika na kiangazi. Wastani wa mwaka ukiwa chini ya mita 4 kwa sekunde, nunua paneli za sola.

Nguzo ndiyo inayodharauliwa zaidi. Ncha ya chini ya mapanga inapaswa kupita kwa takribani mita 10 kitu chochote kilicho ndani ya mita 150, kwa hiyo mwembe wa mita 8 unadai nguzo ya takribani mita 20, na mwembe nao bado unakua. Kufunga mtambo juu ya paa ni kupoteza fedha: upepo wa hapo ni wa misukosuko, na mtikisiko huishia kwenye kuta. Chagua nguzo ya kulaza yenye stei waya (nyaya za kuishikilia isianguke), ili fundi afanye matengenezo akiwa chini, na usisahau waya wa ethi kwa ajili ya radi. Kumbuka pia kwamba mtambo ukitenganishwa na betri wakati wa upepo mkali huzunguka kupita kiasi hadi ukaharibika. Ndiyo maana hufungiwa kifaa cha kuteketeza umeme wa ziada.

Kuhusu ruzuku, Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ndiyo iliyounda Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na mfuko wake, ambao huchangia gharama za mtaji za waendelezaji wa miradi, vikiwamo vyama vya ushirika. Mwenye nyumba moja asitarajie sana. Wanachama wa AMCOS (chama cha ushirika cha kilimo na masoko) wanaotaka kuendesha mashine ya kukamua alizeti wana hoja nzito zaidi. Ombi lao liambatanishe takwimu za upepo, hesabu ya matumizi kwa saa, hati ya ardhi itakaposimama nguzo na chanzo cha mchango wao. Wasilipie vifaa kabla ya mkataba kusainiwa, kwani wafadhili kwa kawaida hawarudishi fedha zilizokwisha kutumika. Fedha za kubadilisha betri na kumlipa fundi zitengwe katika bajeti ya chama tangu mwanzo, kwa sababu ruzuku ya mtaji haigusi gharama hizo.