Kuifanya kamusi ya KOReader itambue "meno", "mato" na "walisoma"

Ukigusa "meno" kwenye kisoma-vitabu na kamusi ikajibu haina kitu, haijaharibika. Ndani yake mna "jino" tu, na haitajua kuwa ni neno lilelile mpaka uiambie. Hapa Lamu nawaandalia kamusi vijana wa Langoni wanaosoma tenzi kwa KOReader, programu ya kusomea vitabu vya kielektroniki, na kazi naifanya hivi.

1. Fungua programu ya majedwali, kama LibreOffice Calc. Safu ya kwanza andika kidahizo, yaani neno kuu linaloorodheshwa kwenye kamusi, na maumbo yake, ukiyatenga kwa mstari wima (|) bila kuacha nafasi. Safu ya pili ni ya maana.

jino|meno
jicho|macho|jito|mato
njia|ndia

Anza na nomino. Kitenzi msomaji aweza kukipunguza mwenyewe, lakini ukate vipi "meno" mpaka upate "jino"? Maumbo ya Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, yatie hapohapo, maana ndiyo yanayowakwamisha watoto wetu waliozoea Kiswahili cha shuleni. Tazama "ndoo": shairi linamwita mtu aje, kamusi inaleta chombo cha kuchotea maji! Neno kama hilo lipe mstari wake peke yake, na maana zote mbili uziweke pamoja.

2. Sasa vitenzi. Nafsi sita kwa -na-, -li-, -ta- na -me- ni maumbo 24 kwa kila kitenzi, na Calc itakuunganishia kwa fomula. Ukitia na viambishi vya watendwa, kama -ni- ya "walinisomea", unapita 100, faili ivimbe bure. Mimi naishia kwenye 24, tena kwa vitenzi vinavyotumika sana. "Letea" usiifiche chini ya "leta". Ina maana yake, ipe kidahizo chake.

3. Nakili safu mbili hizo, zibandike kwenye kihariri cha maandishi, uhifadhi kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8. Tab inajiweka yenyewe katikati.

4. Fungua PyGlossary, programu ya kugeuza miundo ya kamusi, chagua Tabfile (faili yako yenye Tab) kuwa chanzo na StarDict, muundo wa kamusi ambao KOReader huusoma, kuwa matokeo. Faili ya .syn ndiyo inayobeba maumbo. Isipotokea, kagua mistari wima.

5. Faili zote zitie kwenye folda moja ndani ya koreader/data/dict, kisha uwashe KOReader upya.

Jaribu "mato", halafu "walisoma". Ukikutana na "walinisomea", hariri neno kwenye dirisha la kamusi, futa "walini", utafute "somea".