Jinsi ya kupima kipaji cha dogo wa akademi bila kudanganywa na mwili wake

Nafundisha mpira madogo wa U11 mpaka U15, yaani wa chini ya miaka 11 mpaka chini ya miaka 15, hapa Dar, na kosa ninaloliona kila ukifika wakati wa majaribio ni lilelile, wanakuja watoto 80 uwanjani, kocha anakaa pembeni, nusu saa haijaisha kashachagua 20, na ukiwapanga mstari hao 20 unakuta karibu wote ni warefu na wana mbio. Hapo ndugu yangu hujachagua vipaji, umechagua waliowahi kubalehe. Na mimi nilifanya hivyohivyo misimu miwili mizima, kuna watoto niliwarudisha nyumbani mpaka leo nikiwakumbuka naumia.

Kwa hiyo kabla hujaangalia mpira chukua daftari, andika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto halafu wapange kwa miezi. Kwenye mashindano mengi ya vijana umri unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, maana yake dogo wa Januari na dogo wa Desemba wa mwaka uleule wanacheza kundi moja wakati wamepishana karibu mwaka mzima, na kwa mtoto wa miaka 10 mwaka mmoja ni sehemu ya kumi ya maisha yake yote, ni mwili, ni akili, ni mechi alizocheza mtaani. Ukiona waliopita kwako wamejaa wa Januari mpaka Machi, na wa Oktoba mpaka Desemba ni wawili watatu tu, rudi ukaangalie upya. Mbwana Samatta kazaliwa 23 Desemba 1992, angechelewa siku 9 tu angehesabiwa wa 1993, na huyo ndiye aliyekuja kucheza Genk ya Ubelgiji na Aston Villa ya Uingereza. Uingereza wao hesabu yao inaanza Septemba, sasa Harry Kane ni wa Julai 1993, yaani alikuwa miongoni mwa wadogo kabisa kwenye kundi lake, Arsenal walimwacha akiwa mtoto na baadaye akawa mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa.

Suala la vijeba, yaani wakubwa wanaopunguza umri wacheze na wadogo, nalo lazima uliseme wazi na wazazi toka siku ya kwanza. FIFA walianza kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono, kuona mifupa imekomaa kiasi gani, kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009, sisi wa uwanja wa vumbi hatuna hiyo mashine, ila omba cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na ulizia shuleni alianza darasa la kwanza mwaka gani. Ukidanganywa umri vipimo vyako vyote vinavyofuata ni vya uongo, na kuna mtoto wa kweli amekosa nafasi.

Ukishajua umri, pima urefu. Kila baada ya miezi 3, asubuhi, bila viatu, akiwa amesimama na akiwa amekaa kwenye benchi. Kwa nini akiwa amekaa? Kwa sababu kwenye kurefuka miguu hutangulia, kiwiliwili kinafuata, ukiona miguu imekimbia na kiwiliwili bado ujue dogo yuko katikati ya ile miezi ya kurefuka ghafla. Wavulana wengi inawakuta kwenye miaka 13 au 14, wasichana mapema zaidi kama 11 au 12 hivi, na anaweza kuongezeka sentimita 8 mpaka 10 kwa mwaka. Kipindi hicho yule aliyekuwa anatuliza mpira vizuri unamwona unamtoka, anajikwaa, magoti yanauma, chenga alizokuwa anapiga hazipo. Usimkate mtoto kipindi hicho! Kiwango hakijashuka, miguu ni mipya na ubongo bado unaizoea. Mpunguzie mazoezi ya kuruka na kukimbia sana, mpe muda.

Muulize pia mama na baba wana urefu gani, siyo kwamba mfupi hafai, ila ujue huyu mdogo ni mdogo kwa sababu kachelewa au ndivyo atakavyokuwa, manake wote wawili wanaweza kuwa wachezaji ila utawalea tofauti. Antoine Griezmann akademi za Ufaransa zilimkataa kwa udogo wake, ikabidi aende Hispania kwa Real Sociedad akiwa bado mtoto.

Sasa tuje kwenye mpira wenyewe, na hapa ndipo naomba usome taratibu. Usianze na danadana. Dogo anaweza kupiga danadana 200 na kwenye mechi asijue asimame wapi. Wagawe 4 kwa 4, uwanja kama mita 30 kwa 20, magoli madogo, waache wacheze dakika 10 na wewe FUNGA MDOMO, usipige kelele za pasia pasia, maana ukielekeza unapima masikio yao hupimi akili yao. Halafu chagua mtoto mmoja, mpira uachane nao kabisa, macho yako yawe kwake tu dakika 5. Angalia anafanya nini kabla mpira haujamfikia.

Nikupe mfano. Kulikuwa na dogo wa miaka 12, jezi imemfika magotini, tukamweka kiungo. Mpira upo kwa beki wa kushoto, yeye kampa mgongo yule anayemkaba. Akageuza shingo kulia mara moja, akarudisha macho kwenye mpira, pasi ilivyopigwa tu akageuza tena kushoto, na badala ya kuusimamisha akauacha umpite mpaka mguu wa mbali, alivyougusa alikuwa ameshageuka na mbele kuna uwazi mtupu. Akapiga pasi ya kumpenyezea winga. Haikufika, mguu hauna nguvu, beki kaikata njiani. Kocha mwenzangu akaandika "pasi mbovu". Mimi nikaandika "kaona". Nguvu ya mguu italetwa na ugali na miaka, ila kule kugeuza shingo mara mbili ndani ya sekunde 3 nina vijana wa miaka 17 mpaka leo nawapigia kelele na hawafanyi. Kwa hiyo hesabu shingo, kweli kabisa, weka vijiti kwenye daftari kila anapoangalia pembeni kabla ya kupokea, utashangaa jinsi orodha yako itakavyobadilika.

Kitu cha pili mfundishe jambo jipya dogo tu, mfano kupokea kwa mguu wa pili au kufungua mwili, yaani kuugeuza uelekee mbele, kabla ya pasi, mwonyeshe mara mbili halafu usimkumbushe tena, baada ya wiki mwangalie kwenye gemu kama analijaribu. Hata akikosea. Anayejaribu bila kukumbushwa huyo anajifunza akiwa nyumbani, amelala anaufikiria mpira. Na ukiwa hapohapo angalia zile sekunde 5 baada ya kupoteza mpira, kuna anayeshika kiuno na kuna anayerudi kukaba.

Makipa wasubirie zaidi ya wote, wanachelewa kukomaa, kwa hiyo mimi kwa kipa mdogo naangalia miguu yake na ujasiri wa kutoka golini, urefu baadaye.

Usiamue peke yako na usiamue siku moja. Angalau mara 3, siku tofauti, nafasi tofauti, wawili au watatu mnaandika kila mtu kivyake bila kuongea mpaka mwisho. Ukiweza, siku moja wapange kwa ukubwa wa mwili badala ya umri, yule mrefu aliyekuwa anawapita wote kwa mbio akikutana na wenzake wa saizi yake ndiyo utajua kama ana kitu kingine. Na ulizia amekula nini na amefikaje uwanjani, kuna watoto wanatembea saa nzima juani, wanafika wamechoka, sisi tunaandika "hana pumzi".

Wale usiowachukua usibandike majina ukutani ukaondoka. Kaa na kila mmoja dakika 2, mzazi wake awepo, mwambie umeona nini kizuri na nini afanyie kazi, kisha mwambie arudi lini na uiandike hiyo tarehe kwenye daftari lako. Kwa wale wa Oktoba mpaka Desemba na wale ambao hawajaanza kurefuka, mimi naandika miezi 6, na siku ikifika mimi ndiye napiga simu.